Sifuri ya Lukonda

Nilimwonea wivu Nyamizi kabla sijamwona uso. Niliona tarakimu yake kwanza. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli katikati ya karatasi, haina maelezo, haina tanbihi, na Mkurugenzi aliishika kwa ncha za vidole akiogopa kuichafua.

"Tazama hii, Kilindo," aliniambia. "Mama huyu wa idara ya elimu aliiandika mwaka jana, gharama ya chaki. Leo tumefunga vitabu. Haikuzidi, haikupungua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Niliitazama, na tangu siku ile sikuwahi kupumua vizuri.

Inabidi nieleze kazi yetu. Nchi yetu ilikuwa imeacha kupigana yenyewe. Ni lini hasa, hakuna aliyekumbuka, na sidhani kama siku hiyo iliwekewa alama. Vita vilikuwa Mashariki, kwenye Tambarare, na Serikali ilikuwa imevikabidhi kwa Kampuni, vile mtu anavyomkabidhi fundi nyumba yake aiezeke, kisha akaenda zake kulala. Kampuni ilileta askari wa kukodi, ikaleta magari, wapishi, marubani na madaktari. Serikali ililipa. Ofisini hatukuruhusiwa kutamka neno mamluki. Tulisema watoa huduma. Hatukusema shambulio, tulisema huduma. Mimi nilikuwa Mkadiriaji Mkuu wa huduma hizo kwa miaka kumi na moja. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, nilitakiwa niseme vita vya mwaka ujao vitagharimu kiasi gani, mji kwa mji, mwezi kwa mwezi.

Na kila mwaka nilikosea. Mwaka mmoja nilikadiria nusu ya kilichotumika, Waziri akaitwa bungeni kujieleza. Mwaka uliofuata nikaongeza kwa hofu, fedha zikabaki, Waziri akaitwa tena. Nilikesha na swali moja ambalo hata sasa sina jibu lake: unajuaje bei ya jambo ambalo halijatokea? Ng'ombe unajua bei yake kwa sababu ng'ombe yupo, ana pembe, ana mbavu, unazunguka nyuma yake ukatazama mapaja. Lakini vita vya mwakani havina mbavu. Vimo tumboni mwa watu ambao bado hawajakasirika. Au sivyo? Labda vimeshakuwapo mahali, vimekaa, vinasubiri mtu wa kuvipa kiasi, na kiasi kikishaandikwa huinuka na kujikung'uta vumbi. Nilijiuliza hivyo miaka kumi na moja nikidhani ni mawazo ya uchovu.

Ofisi yetu yenyewe ilikuwa na desturi zake. Kalenda ya ukutani ilikuwa ya mwaka ujao. Ukipanda ngazi hadi ghorofa ya nne ulikuwa umeshauacha mwaka huu chini, kwa bawabu. Wakati mwingine mambo yalivuja. Mwenzetu mmoja alipewa pole za msiba wa mama yake, akaenda nyumbani akilia, akamkuta mama anapepeta mchele. Alikaa naye mwaka mzima akimtazama. Hakumwambia kitu.

Humo ndimo alimoletwa Nyamizi. Alitoka idara ya elimu, alikokuwa akikadiria chaki na madawati. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye sweta la kijivu lililotoboka kwenye kiwiko. Alikunywa chai bila sukari. Mezani mwake kulikuwa na penseli moja na kifutio kimoja. Mimi nilikuwa na mashine ya hesabu, makabati matatu ya ripoti na ramani za hali ya hewa.

Siku yake ya kwanza alikuja mezani pangu.

"Shikamoo, kaka Kilindo."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeambiwa wewe ndiye unayeijua Tambarare. Kuna mtu wako huko?"

"Ninaye dada. Kalunde. Yuko Lukonda, pale mto unapopinda. Yeye na mumewe wana mashine ya kusaga."

"Mnaonana?"

"Mara chache. Ndiye aliyenilea. Alinisomesha kwa pumba za ile mashine, maana unga aliuza kwa wengine."

Nyamizi alitabasamu. Nilimweleza kwa sababu aliuliza kwa upole, na baada ya hapo nikasahau kuwa nilimweleza. Mtu mwenye wivu hukumbuka tu alichonyimwa.

Mwaka wake wa kwanza kwetu tarakimu yake ilitimia, na wa pili ikatimia tena. Watu walisimama wakapiga makofi. Meza yangu ilihamishwa kutoka dirishani ikasogezwa karibu na kabati la mafaili ya zamani, na yake ikawekwa pale dirishani. Hakuomba. Ndivyo nilivyozidi kumchukia, kwamba hakuomba. Angekuwa na tamaa ningemwelewa, tungekuwa wawili tunaogombea kitu kimoja. Lakini yeye alikipokea kitu changu kwa uso wa mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwingine kwenye foleni.

Nilimfuata koridoni.

"Unafanyaje?" nilimuuliza. "Niambie tu. Sitamwambia mtu."

"Sijui, kaka. Naandika, halafu inakuwa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Naogopa. Nimeomba mara tatu wanirudishe kwenye chaki. Mkurugenzi anacheka."

Nilisikia maneno hayo yote, na masikio yangu yakayageuza kuwa majivuno. Anaogopa! Anaogopa kuwa sahihi! Mimi ningetoa meno yangu ya mbele ili niogope hivyo walau siku moja.

Nikaanza kumwiga. Niliacha sukari. Nilinunua penseli ya aina yake. Nilinunua sweta la kijivu, na jioni moja nikiwa peke yangu nilikaa nikalisugua kiwiko kwenye ukuta hadi likatoboka. Nilijifunza mwandiko wake, ile saba yake yenye mkia, ile sifuri yake ambayo haikufungwa vizuri juu. Nani anayeandika, nilijiuliza, mkono au jina? Kama mkono wangu unaandika kama wake, mbona dunia haiutii mkono huu? Mbona inamtii yule? Kuna nini ndani yake? Kuna nini? Sina nini mimi?

Polepole watu walianza kukosea. Mhasibu aliniita Bi Nyamizi akapita bila kujirekebisha. Siku moja mzee Kasanzu, tarishi wa ofisi, aliweka bahasha mezani pangu. Juu yake kulikuwa na jina la Nyamizi.

"Hii si yangu, mzee."

Alinitazama kwa makini. "Ni yako, mama," alisema, akaenda zake.

Niliifungua.

Ilitoka kwa Meja Ruhinda, msimamizi wa Kampuni kwenye Tambarare. Aliandika kwa heshima nyingi. Alimshukuru Nyamizi kwa makadirio ya miaka miwili, ambayo, alisema, Kampuni hupelekewa nakala yake na ofisi ya Mkurugenzi kila yanapokamilika. "Kazi yetu imekuwa rahisi," aliandika. "Zamani tulipigana kwanza ndipo tukadai, na Serikali ikatukatalia nusu. Siku hizi tunasoma ulichoandika na tunahakikisha kinatumika chote, mji kwa mji. Makadirio ya mwaka ujao bado hatujayaona. Tafadhali njoo utembelee kambi, tuyazungumze." Ndani mlikuwa na tiketi ya gari moshi.

Niliisoma mara nne. Kwa hiyo hakujua lolote! Hakuwa na kipawa. Alikuwa anatiiwa. Miaka yangu kumi na moja niliandika na hakuna aliyejisumbua kusoma. Yeye aliandika na bunduki zikasoma.

Mtu mwema hapo angepiga kelele. Angekwenda kwa Mkurugenzi, angekwenda kwa Nyamizi kwanza, angemwambia: dada yangu, futa, futa yote. Mimi nilichukua tiketi nikaenda Mashariki.

Kambini walinipokea kwa gwaride. Mpishi mkuu alifuta mikono akasema, "Karibu, mama, umechoka na safari." Wauguzi waliniamkia. Ndani ya hema la wageni kulikuwa na kioo; nilijitazama, nikaona uso wangu ule ule, ndevu zenye mvi, kovu la paji la uso. Nikatoka nje. Wakaniita Bi Nyamizi. Sikukanusha. Naapa ilikuwa tamu. Kwa siku tatu niliishi ndani ya jina lake, na kila aliyelitamka alishusha sauti kidogo.

Meja Ruhinda alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye daftari mfukoni. Alinipeleka mahali ambapo mizinga ilikuwa ikipiga kilima. Kilima kilikuwa kimebaki udongo mwekundu mtupu, na kila kombora lilipotua udongo uliruka na kurudi pale pale.

"Kuna nani pale?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu, Bi Nyamizi."

"Mnapiga nini?"

"Salio," alisema. "Uliandika makombora elfu mbili mwezi huu. Yamebaki arobaini. Kesho mwezi unaisha."

Alisema bila mzaha. Alinionyesha pia mji mmoja ambao, mwezi uliopita, waliuacha ukiwa nusu umeungua kwa sababu fungu lake liliisha tarehe ishirini. Watu wa nusu iliyobaki walikuwa wamekaa barazani, hawajui kwa nini wako hai. Mmoja alinipungia mkono.

Kisha tukaketi mbele ya ramani. Kila mji ulikuwa na tarakimu yake, kwa mwandiko wenye saba ya mkia. Tarakimu zilijaa Tambarare yote. Ila mahali pamoja, pale mto unapopinda.

"Hapa Lukonda," alisema Meja, "miaka miwili umeandika sifuri. Sisi tunaheshimu. Vijana wangu wanapita mbali, hata maji hawachoti huko. Wengine wananiuliza, kuna nini Lukonda? Nawaambia, Bi Nyamizi anajua."

Niliitazama ile sifuri isiyofungwa vizuri juu.

Nyamizi alikuwa ameshaandika makadirio yake ya mwaka ujao, nilikuwa nimeyachungulia mezani kwake na kuyanakili yote. Lukonda ilikuwa sifuri tena. Nami nilikuwa naandaa ya kwangu, kwa jina langu, kama nilivyofanya kila mwaka ingawa hakuna aliyeyataka. Nikaona wazi kabisa, nikiwa nimekaa pale kwenye kiti cha turubai. Mahali pengine popote nikibadilisha tarakimu, angekosea kidogo, wangesamehe. Lakini sifuri haina kidogo. Sifuri ikivunjika imevunjika.

"Mwaka ujao kuna mabadiliko," nilisema.

Meja alifungua daftari.

"Lukonda. Huduma ya ulinzi tu. Milioni kumi na nane."

"Ulinzi dhidi ya nani?"

"Ulinzi tu," nilisema. "Walinde."

Aliandika kuwa haya ndiyo yatakayofuatwa, hata nakala ya ofisi ikija na sifuri. Nilitia sahihi kwa jina la Nyamizi.

Nilijua. Nataka hilo lisomeke bila kivuli. Nilijiambia kiasi ni kidogo, nilijiambia ulinzi si mizinga, nilijiambia huenda wakamjengea dada kibanda cha doria na kununua unga wake. Lakini nilikuwa nimetoka kukiona kile kilima. Nilijua salio ni nini.

Niliporudi nilimpigia Kalunde simu. Alifurahi. Alinieleza bei ya dizeli, akanieleza kuwa shemeji yangu Mabula amepata nafuu ya goti. Nilishika simu, na sentensi moja ilikuwa mdomoni: ondokeni Lukonda. Ningeitamka ningekuwa nimekiri. Akaniuliza kama nakula vizuri. Nikasema nakula.

Mwaka ule ulipita upesi, kwa kuwa juu kule kwetu ulikuwa umeshapita. Nilikabidhi makadirio yangu, yaliyokuwa yale yale ya Nyamizi ila Lukonda, kwa Mkurugenzi ndani ya bahasha iliyofungwa, na nilipokaa chini vitabu vilikuwa tayari vinafungwa. Zilifunguliwa bahasha mbili mbele ya watu wote. Ya Nyamizi ilikuwa na kosa. Yangu haikuzidi, haikupungua.

Walinipigia makofi. Mkurugenzi alinikumbatia, akaniita kwa jina langu halisi mara tatu. Wanaume wawili walibeba meza yangu wakaipeleka dirishani. Nilisubiri furaha ije. Nilikuwa nimeiandalia nafasi kubwa, miaka mitatu. Nilisimama na mikono yangu mbele ya dirisha nikiisubiri.

Nyamizi alikuja na jedwali langu mkononi. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari mmoja.

"Kaka Kilindo. Lukonda si ndiko aliko dada yako?"

"Ndiko."

"Kwa hiyo uliomba huko wapelekwe walinzi?"

Niligeukia dirisha.

"Mimi nilikuwa naiweka sifuri," alisema. "Tangu kule kwenye chaki nilianza kuhisi kuwa kile ninachoandika kinakwenda kufanyika. Nikajaribu kuandika sifuri kila mji. Mkurugenzi alinirudishia karatasi, akasema bajeti haiwezi kuwa tupu. Nikamlilia. Akaniruhusu mji mmoja. Mmoja tu. Sikuwa na mtu ninayemjua kule. Nikachagua wa kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uje tuzungumze. Ulikuwa hutaki hata kunywa chai na mimi."

Jioni ile walimrudisha idara ya elimu. Nilimtazama akishuka ngazi na penseli yake na kifutio chake, akishuka kuelekea mwaka ambao watu wa kawaida wanaishi, mwaka wa chaki na madawati. Hata hapo, Mungu wangu, hata hapo nilimwonea wivu.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari moshi.

Lukonda haikuwapo. Watu wake walikuwa wamehamishiwa uwanja mmoja mkubwa upande wa pili wa mto, chini ya maturubai ya buluu. Nilimtafuta kuanzia asubuhi hadi jua lilipokuwa kichwani. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashona mpini wa mfuko. Vidole vyake vilikuwa safi. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona dada bila unga kwenye kucha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Kilindo. Umekuja." Akanisogezea gunia nikalie. "Mabula hayupo."

"Ilikuwaje?"

"Walikuja walinzi hamsini. Wazuri tu, wana salamu. Walisimama kila njia. Hatukuwa na adui, basi walikuwa wanacheza bao na Mabula. Walikaa miezi. Siku moja mkubwa wao akaja na daftari, akasema fungu halijatumika hata nusu na mwaka unakwisha, na mji unaolindwa lazima uwe umeshambuliwa. Wakarudi nyuma hadi kule kwenye miti, wakageuka." Aliukata uzi kwa meno. "Mabula alikuwa ndani anafunga mashine. Alidhani wanafanya mazoezi."

Niliokota kipande cha uzi kilichoanguka.

"Hapa wote wanalijua jina la aliyeamuru," aliendelea. "Nyamizi. Mwanamke wa mjini. Wenzangu wanamlaani kila wanapowasha moto. Mimi sijamlaani bado. Nasema labda hajui. Unamfahamu?"

Lilikuwa jambo jepesi sana. Jina lilikuwa la Nyamizi, sahihi ilikuwa ya mwandiko wake, na yeye alikuwa mbali anahesabu madawati. Hakuna ambaye angenidai. Ningeweza kukaa pale juu ya gunia nikawa mdogo wake Kalunde hadi kufa.

"Nyamizi ndiye aliyekuwa anawalinda," nilisema. "Miaka yote ile mlipokuwa salama, ni yeye. Milioni kumi na nane niliandika mimi."

Hakuelewa mara moja. Nilimweleza tangu mwanzo, bila kuficha, hadi na sweta. Alisikiliza huku sindano imesimama hewani. Nilipomaliza, watu walikuwa wakipita kati yetu na mizigo yao.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilimwonea wivu."

"Alikuwa na nini?"

Nilitafuta. Nilipitia makofi, dirisha, zile salamu za kambini, nikaona haya kuvitaja.

"Alikuwa na penseli," nilisema. "Na alikuwa na wewe. Alikuhifadhi kuliko mimi."

Kalunde aliichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Akainuka, akaigeuza ndoo, akaenda kwenye foleni ya chakula. Nilimfuata nikasimama nyuma yake, kama nilivyokuwa nikisimama utotoni akinipeleka shule. Hakunifukuza. Hakugeuka. Foleni ilisogea polepole kwenye jua, na hatimaye tukafika mezani, kwa karani mwenye orodha.

Karani alimtazama yeye, akanitazama mimi, akainua kalamu.

"Familia hii mko wangapi, mama?"

"Mmoja," alisema dada yangu.